Swichi ya Zena, Vifaranga wa Bibi Benigna

Vifaranga kumi na mmoja wamelelewa na mtambo wa intaneti. Hapa hapa Songea, mtaa wa Bombambili! Cheka kwanza. Ukimaliza, soma.

Ni alfajiri, ukungu bado umelala barabarani. Kwenye chumba cha kupanga, Zena Abdulhamid, miaka 26, ameshika waya wa umeme. Anamtazama bibi aliyekaa ukingoni mwa kitanda.

"Tayari, Bibi?"

"Ngoja, huyu mmoja kanitoroka." Bibi Benigna, mwenye nyumba, anamdaka kifaranga na kumsukumia kifuani, ndani ya kitenge, pamoja na wenzake. "Haya. Ua mtambo wako."

Zena anachomoa. Kimya. Kisha anawasha upya, anafuta mipangilio yote, anaanza kuujenga mtandao toka mwanzo. Vidole vinakimbia kwenye laptop yenye kioo kilichopasuka. Kifuani kwa Bibi ni piyo, piyo, piyo.

"Fanya haraka basi, wananidonoa!"

Mchana Zena anatoa fotokopi kwenye steshenari, kwa mshahara wa laki moja na nusu. Anachokitaka ni cheti cha ufundi wa mitandao, ili naye aitwe kufunga intaneti kwenye maofisi.

"Video za kwenye simu zinakuonyesha tu," anasema. "Hazikuachi uharibu. Na mimi bila kuharibu sielewi."

Basi akatafuta vya kuharibu. Kwa Beda, mnunuzi wa skrepa, aliona kisanduku cha chuma chini ya mabati chakavu. Ilikuwa swichi, ile inayounganisha kompyuta nyingi zikaongea. Beda akaiweka kwenye mizani.

"Unalipia kilo, dada. Kwani humu kuna dhahabu?"

"Kuna ajira," Zena akajibu.

Baadaye akapata na ruta, ya kuunganisha mtandao mmoja na mwingine, kwa kilo vilevile. Nyaya za mtandao akazibana vichwa vya plastiki mwenyewe.

Sasa, swichi kuukuu inanguruma kama mashine ya kusaga, na umeme inakula kweli kweli. Na Luku, mita ya umeme wa kulipia kabla, ni ya nyumba nzima. Bibi Benigna akachoka.

"We binti wa Tunduru, mwisho wa mwezi huo mtambo utoke, au mtoke wote wawili!"

Hapo hapo kicheche akamla mtetea wa Bibi. Vifaranga wakabaki yatima, na baridi ya Juni ya Songea mnaijua wenyewe. Bibi akawawekea chungu cha mkaa, moshi ukaua wawili. Akawasha taa, lakini taa za siku hizi zinamulika tu, joto hazina. Kwa hasira akaingia chumbani kwa Zena akauzime ule mtambo unaomaliza umeme. Akapitisha mkono nyuma ya swichi.

Joto! Feni inapuliza kama pumzi ya ng'ombe.

Zena aliporudi kutoka kazini alikuta boksi la vifaranga nyuma ya swichi yake, na Bibi pembeni na rozari mkononi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Usizime."

Habari za kuhama zikafa siku ile. Luku wakawa wanachangia.

Halafu, siku tisa kabla ya mtihani ambao ada yake kashalipa na hairudishwi, Zena akafungua mlango akakuta kimya. Swichi imezima. Vifaranga wamerundikana, wanatetemeka. Akafungua mfuniko, akaona feni imekwama, imejaa manyoya! Kumbe Bibi alilihamishia boksi mbele, upande unaovuta hewa, "ili waone taa zinavyocheza."

Zena akasugua feni kwa mswaki mpaka ikaamka. Lakini Beda alishamwambia wazi, "Ikiungua hiyo, dada, nyingine sina."

Bibi aliposikia hakubisha. Akanyanyua boksi.

"Nawatoa. Kuku nitapata wengine. Mtihani wako haungoji."

Akafungua mlango. Upepo ukaingia, na wale wadogo wakalia wote kwa pamoja.

"Rudi, Bibi," Zena akasema. "Hao nao wamepanga humu."

Boksi likarudi nyuma ya swichi, likafunikwa kipande cha chandarua. Tangu hapo kila alfajiri feni inapigwa mswaki, na Bibi anabeba vifaranga wakati Zena anaua mtandao na kuufufua.

Ijumaa hii anafanya mtihani Dar. "Nikifaulu narudi," anasema. "Nataka chumba chenye swichi kumi za skrepa, wadogo zetu waje waharibu bure."

"Swichi kumi!" Bibi anadakia. "Basi na mimi nianze kutafuta mayai."

Wanacheka. Lakini feni imeanza kukwaruza, na Zena anaisikia. Haigusi, isije ikafa kabla ya Ijumaa. Anafungua laptop, anaendelea.

Ungekuwa wewe siku ile, miezi yote hiyo ya kusoma ikining'inia kwenye feni moja, na Bibi kashafika mlangoni na boksi lake, ungemwita arudi?