Hodi ya Baba Mdogo

Nikisikia mtu anakohoa kidogo kabla ya kupiga hodi, hata hapa Bariadi mjini ambako siku hizi watu wanagonga geti kwa jiwe, masikio yangu yanarudi kijijini kwetu Ngulyati. Baba mdogo Masanja, mdogo wake baba, alikuwa anakohoa mara moja, anavua kandambili, halafu anapiga hodi. Hilo si ajabu. Ajabu ni kwamba alipiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe, aliyoijenga kwa mikono yake na kuiezeka bati kwa hela ya pamba. Asipoitikiwa, haingii. Mama mdogo, mkewe, akiwa kisimani, mwanaume mzima anakaa kwenye kigoda nje ya mlango wake, anasubiri.

Kijijini walimcheka. Wengine walisema vita vya Uganda vilimlegeza nati. Mimi nilikuwa mtoto mdaku, siwezi kuona chungu kimefunikwa nisikifunue, na jambo hili lilininyima raha kabisa. Mama aliniambia niache kuchunguza watu wazima. Mama mdogo alicheka tu. "Huyo nimemkuta hivyo hivyo," alisema. "Kazi yangu ni kuitikia."

Nilikuwa darasa la sita mwaka ule redio zilipokuwa hazisemi kitu kingine ila Kuweti. Mwalimu wetu akaandaa mdahalo: jeshi la kigeni liondoke katika nchi linayoikalia. Zawadi ya msemaji bora ilikuwa sabuni ya kunukia, yenye karatasi ya rangi ya waridi. Msinicheke. Sisi tulishafua nguo kwa majani ya mpapai. Maduka ndiyo kwanza yalikuwa yameanza kujaa tena, mitumba huku, redio za kaseti kule, na sabuni ile niliitaka mpaka nikawa naiota.

Bahati mbaya nikawekwa upande wa kupinga. Nani angemtetea aliyeingia Kuweti? Lakini mimi mbishi. Nikakumbuka kwamba na sisi tuliwahi kuwa jeshi la kigeni: askari wetu walimng'oa mtawala wa Uganda, kisha wakabaki kule kwa muda, na baba mdogo alikuwa mmoja wao. Nikaona hoja yangu imepatikana, tena ipo jirani.

Nilimkuta anachambua pamba, safi upande huu, fifi, ile chafu, upande ule. Nikakaa nimsaidie. Nilipomuuliza kama wenyeji waliwapenda, alichambua kwanza karibu nusu ya lundo.

"Mayu," akasema, kwa maana kwetu mtoto wa kike huitwa mama, "tulipokewa kwa vigelegele. Mama mmoja mjane alitupa nyumba yake, sisi askari wanne. Alitupa mwenyewe, kwa furaha, yeye akahamia jikoni kwake pale nje. Tulimchotea maji. Tulimpasulia kuni. Hatukumkosea kitu."

"Sasa?"

"Unga wake ulikuwa ndani. Basi kila asubuhi anakuja, anasimama mlangoni pake, anapiga hodi. Na sisi tunaitikia, karibu mama. Mwezi wa kwanza, mwezi wa tano, hata mwaka ukapita. Siku moja niliyeitikia ni mimi, nimelala kitandani kwake. Nikaisikia sauti yangu."

Nilitaka hoja, sikutaka hadithi. Nikamuuliza kama walipaswa kuondoka au kubaki.

"Wapo waliotuomba tusiondoke. Waliogopa, na walikuwa na haki ya kuogopa."

"Na yule mama alisema nini?"

"Alipiga hodi," akasema, akavuta lundo jingine.

Siku ya mdahalo nilisimama mbele ya darasa, kifua mbele. Nikasema baba yangu mdogo alikaa Uganda baada ya vita, na kila asubuhi askari na mwenyeji wao waliambiana karibu pale mlangoni, na mwaka ulipopita bado waliambiana karibu. Sikusema nani alikuwa nje na nani ndani. Darasa likapiga makofi, na sabuni ikawa yangu.

Jumamosi niliichukua nikaenda kwa baba mdogo, nikiwa nimepanga kuikata nusu kwa nusu. Mama mdogo alikuwa anaenda gulioni Kasoli, akaniachia maharage jikoni niyaangalie. Niliyachochea, nikaingia sebuleni, nikakaa naitoa sabuni kwenye karatasi na kuinusa. Mara nikasikia kikohozi. Kandambili zikavuliwa.

"Hodi."

Nilikuwa peke yangu ndani. Nikafungua mdomo nimwitikie, nikaufumba tena. Nikachungulia dirishani. Alikuwa amesimama, jua la saa saba linampiga kwenye upara, anasubiri mtoto wa miaka kumi na mbili amruhusu aingie kwake. Akapiga hodi mara ya pili. Niliona aibu, na sikujua ni ya nini.

Nikatoka nje, nikaacha mlango wazi, nikasimama uani.

"Ingia, baba mdogo," nikamwambia. "Ndani hamna mtu."

Alizisogeza kandambili zake kando ya mlango. Kisha akaingia.

Kwa miaka mingi niliamini alikuwa anatuomba ruhusa sisi. Nimekuja kumwelewa baada ya kuwa na nyumba yangu, nilipokaa na wageni niliowapenda mno, wiki ikawa miezi, mpaka siku moja nikajikuta nimesimama nje ya sebule yangu, nakohoa. Nikamfahamu yule mama. Kwa hodi ile aliwauliza kila asubuhi, kwa adabu, nyumba hii ni ya nani, nao wakamjibu kwa adabu, na swali likabaki palepale. Baba mdogo alilibeba mpaka Ngulyati, akawa anajisimamisha yeye mahali pa yule mama.

Lakini siku ile sikuyajua haya. Alipotoka tena uani, aliniuliza mdahalo ulikwendaje. Nikaificha sabuni nyuma ya gauni, nikamwambia nilishindwa. Hakuniuliza zaidi, ingawa ua mzima ulikuwa unanukia.