Ukurasa wa Saba

Mama yangu hakuwahi kuandika habari hata moja, lakini nusu ya mtaa wetu wa Ngamiani ilipata habari zake kwake. Kazi yake ilikuwa kualika. Kukiwa na harusi, mama wa bibi harusi alimwita, akamkalisha, akamwambia siku na saa. Ndipo yeye alipovaa buibui lake akapita nyumba kwa nyumba: hodi, karibu, habari za hapa, kisha mwaliko, neno kwa neno kama alivyopewa. Hakukubali kutumwa kwa barua wala kwa mtu wa kati. Alitaka asikie kwa masikio yake, kinywani mwa mwenye shughuli. Mwaka mmoja harusi iliahirishwa kwa sababu ya msiba, nikamwona akirudi nyumba zote alizopita, kwa mpangilio uleule, mimi nyuma yake nikilalamika njaa.

"Nilipeleka mimi, nitaondoa mimi," aliniambia, wala hakugeuka.

Nayasema haya mapema ili nisihurumiwe bure. Nililelewa vizuri. Kosa nitakalolieleza nililijua kabla sijalifanya.

Nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Watu walikuwa wakiniletea matangazo ya misiba, mikutano ya shule, mitaa itakayokatiwa maji, na baada ya kuyachapa nikaanza kuyaweka pia kwenye blogu, maana karatasi ukutani husomwa na wapitao hapo tu. Blogu ikapata wasomaji. Wakaanza kunisimamisha sokoni: wewe ndiye yule wa mtandaoni? Nami nilijifanya sisikii vizuri ili waulize tena.

Basi ikatangazwa kuwa kiongozi mkubwa atakuja Tanga kuhutubia, na kwamba safari hii mabloga nao watapewa vitambulisho waketi na waandishi wa habari. Tulikuwa wanne. Niliivaa ile kadi shingoni tangu asubuhi, hata mkate nilikwenda kuununua nikiwa nayo.

Uwanjani waandishi wa magazeti, redio na televisheni walikuwa chini ya turubai. Sisi tulipewa viti vya plastiki nyuma yao, palipoishia kivuli, kwa hiyo kadiri jua lilivyosogea tulilazimika kusogeza viti, na kila tukisogeza, mtu wa kamera alitugeukia kwa uso wa mtu aliyekanyagwa. Kulikuwa na maneno ya chini chini: hawa nao wamesomea wapi? Sikuyajibu. Ndani yangu nilikuwa nimeshajibu mara kumi.

Aliyetupokea kwa ukarimu alikuwa mzee mmoja wa redio, ambaye sauti yake niliijua tangu utoto. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akavuta kiti chake pembeni ili mimi nipate kivuli. Mkononi alikuwa na kinasa sauti na kalamu nyekundu. Nilidhani kalamu nyekundu ni mazoea ya uzee.

Kabla ya hotuba, kijana wa itifaki alipita akigawa nakala zake zilizochapwa. Nilipoipata yangu nilifungua haraka haraka, na kwenye ukurasa wa saba nikakuta jina la kijiji alikozaliwa mama yangu.

Ni kijiji kidogo kwenye njia ya kwenda Moa, ambako mdogo wake mama anaishi hadi leo. Zahanati ipo, ila haina wodi ya kujifungulia. Mja mzito uchungu ukimshika hupakiwa kwenye bodaboda, mwanamke mwingine akikaa nyuma yake kumshikilia, wakaanza safari. Mamdogo wangu amekaa nyuma hivyo mara nyingi kuliko anavyopenda kukumbuka. Miaka yote wanawake wa pale wamekuwa wakiomba wodi. Sasa ilikuwa imeandikwa mbele yangu, kwa wino mweusi, kwamba wodi itajengwa, na ujenzi utaanza mara moja.

Machozi yalinilenga, nasema kweli. Kisha nikatazama simu. Uwanja ulikuwa unajaa, na sote mabloga tunajua kwamba watu wakishajaa na kila mmoja kuwasha simu, mtandao unakufa. Mwenzangu wa kulia alikuwa tayari ameshatuma picha za msafara. Nikawaza, atakayengoja hotuba iishe atatuma jioni, magazeti yatatoa kesho, na mimi ninayo sasa hivi. Nikaandika kwamba kiongozi ameahidi wodi. Ameahidi, wakati mtu mwenyewe alikuwa bado anapeana mikono na meza kuu.

Nikatuma. Ikaenda papo hapo.

Alianza kuhutubia akiwa amechelewa sana. Alikuwa msemaji mzuri, watu walicheka alipotaka wacheke. Alipokuwa ukurasa wa tano, adhana ya alasiri ikasikika kutoka msikiti wa jirani. Akanyamaza kwa heshima, uwanja mzima ukanyamaza. Ilipokwisha akasema hatapenda kuwachelewesha watu na swala, basi atafupisha. Kisha akafunua kurasa kadhaa kwa mkupuo mmoja.

Mzee wa redio alikuwa akifuata kwenye nakala yake kwa kidole. Nikamwona akishika ile kalamu nyekundu na kupiga mstari mrefu kutoka juu hadi chini: ukurasa wa sita, wa saba, wa nane. Hakushangaa. Alifanya kama mtu anayechambua mchele.

"Mzee," nikamwuliza, "hizo mbona wazifuta?"

"Hakuzisema."

"Lakini zimeandikwa."

"Karatasi tumepewa itusaidie kufuata, mwanangu. Tunatoa alichosema. Asichosema hakimo." Akanitazama vizuri. "Wewe hujatuma, eh?"

Nilifungua simu ili nifute, na mtandao ulikuwa umekufa kama nilivyojua utakufa. Nikabaki natazama kile kiduara kikizunguka, huku watu wakipiga makofi kwa jambo jingine kabisa.

Simu ya kwanza kupenya ilikuwa ya mamdogo. Sikusikia maneno, nilisikia vigelegele. Halafu sauti yake ikaja: "Mwanangu, nimewasomea wote! Wakuombea dua hapa!" Nilikuwa na nafasi ya kusema. Ningeweza kumwambia pale pale, mamdogo, ngoja, nimekosea. Nilisema amin. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko kutuma kwenyewe, ile amin.

Jioni niliifuta habari, nikaandika masahihisho, mistari minne, nikaomba radhi. Wachache waliyasoma. Ile ya kwanza ilikuwa imeshapigwa picha na inazunguka kwenye makundi ya simu bila mimi. Redio ya mzee ilisoma habari sahihi, na wodi haikutajwa. Kwao hakukuwa na kosa wala jambo lolote. Nilihisi wivu, halafu nikahisi kitu kingine ambacho sikukijua jina, kwamba huenda na wao kuna kitu wamekiacha.

Mama, ambaye sasa miguu haimbebi, alinisikiliza kitandani kwake hadi mwisho. Nilimwonyesha masahihisho. Hakuyatazama.

"Umeshawarudia?"

"Nimeandika, mama. Kila mtu anaweza kusoma."

"Sikukuuliza wanaweza nini. Ulikwenda kupiga hodi nyumba za watu, sasa unawasubiri waje kwako."

Nilitaka kubishana. Wasomaji wangu hawana milango, sijui wanakaa wapi, wengine hata Tanga hawajafika. Yeye alikuwa na mtaa mmoja, angeweza kuumaliza kwa miguu. Lakini mlango mmoja nilikuwa naujua.

Asubuhi nilipanda basi, nikashuka njia panda, nikachukua bodaboda. Nilifika nikiwa nimejipanga niseme nini, na yote yakanitoka nilipoona wanachofanya. Wanawake kama ishirini walikuwa nyuma ya zahanati na majembe na mapanga, wamefyeka kiwanja chote. Visiki vimeng'olewa, majani yamekusanywa pembeni. Ujenzi utaanza mara moja, nilikuwa nimeandika.

Mamdogo akaja akinikumbatia na jasho lake. Nikamwambia nina neno. Akaniangalia usoni akaacha kucheka.

"Sema kwa wote," akasema. "Habari uliwapa wote."

Nikasema. Sikujitetea, au nilijitetea kidogo tu. Nilieleza karatasi, adhana, kurasa zilizofunuliwa pamoja. Kisha mwanamke mmoja mja mzito, ameegemea jembe, akauliza:

"Kwa hiyo wodi yetu tumeikosa kwa sababu ya alasiri?"

Wakacheka. Mimi pia nilianza kucheka, na nikakuta ninalia peke yangu. Hakuna aliyenibembeleza. Sikustahili, na nilishukuru.

Mamdogo akanyoosha mkono. "Hiyo karatasi unayo?"

Nilikuwa nayo. Akaisoma ukurasa wa saba polepole, midomo ikitembea, akaipitisha kwa wenzake. "Nani kaandika?"

"Sijui. Watu wake wa ofisini."

"Basi kuna mtu huko anajua kwamba tupo." Akaikunja akaiweka kifuani. "Hii hurudi nayo."

Usiku, ndani ya basi la kurudi, nilifikiri sana juu ya mzee wa redio na kalamu yake. Alikuwa sahihi, na ningekuwa na adabu ya kazi yake nisingewafyekesha watu kiwanja. Lakini mstari wake mwekundu ulipita juu ya kijiji kizima, na kesho yake hakuna gazeti lililouliza kwa nini. Mimi nilisema wodi imeahidiwa, wao hawakusema kitu, na ukweli ulikuwa katikati yetu, kwamba iliandikwa na haikusemwa. Hilo ndilo nililoandika baada ya hapo, nikiweka na picha ya ukurasa. Mzee wa redio alinipigia. Alisema tu, "Hapo sasa," akakata.

Wodi haijajengwa. Wanawake waliendelea kukifyeka kile kiwanja kila majani yalipoota, na ile habari yangu ya kwanza bado inazunguka. Hata mwezi uliopita mtu nisiyemjua alinitumia, ameweka na alama za furaha. Nilimjibu kama ninavyowajibu wote, mmoja mmoja: haikusemwa, kosa ni langu.

Yule mja mzito aliyeegemea jembe, siku zake zilipotimia alijifungua njiani, kabla ya kufika barabara kubwa. Walimshusha kwenye bodaboda, dereva akageuka kutazama minazi, mamdogo akatandika kanga. Alinipigia mikono yake ikiwa bado haijakauka.

"Hili andika," akasema. "Hili nimeliona mimi mwenyewe."

Nilimwambia nitaandika. Kisha nikafunga duka, nikaenda stendi, kwa sababu mimi nilikuwa bado sijaliona.