Damu ya Mtoto wa Tatu

Kabla daktari yeyote hajamgusa mdogo wangu mgongo, Bwera nzima, mji wetu wa mpakani, ilikuwa imeshajua anaumwa nini. Ugonjwa wake ulikuwa uvivu.

Ushahidi ulikuwepo. Asubuhi hakuweza kuinama kunawa uso. Alitoka mlangoni akiwa wima kama mtu aliyemeza mwiko, akashika ukuta, akasimama pale mpaka jua likolee. Lakini kufika adhuhuri alikuwa mpakani, akibeba magunia mengi ya kakao kuliko wenzake wote, na jioni alicheza muziki. Mgonjwa gani, watu waliuliza, anayepona saa ya chakula?

Mimi ndiye niliyemlea. Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la sita, kwa sababu wadogo zangu hawakuweza kula hesabu za sehemu. Yeye ni mtoto wa tatu wa kiume, na huniita yaya, kama wanavyowaita wakubwa wao watu wa ng'ambo ya mto. Nilimtibu surua kwa mikono yangu, nikamtoa funza, nikamfunga mkono uliovunjika. Sikukubali kwamba nilikuwa nimelea mvivu bila kujua. Uvivu huonekana mapema, hasa kwenye nyumba yenye mtungi mmoja wa kuteka maji.

Basi tukaanza kutafuta. Duka la dawa la kwanza walimpima wakakuta taifodi. Sikushangaa. Kwetu taifodi ni kama kipaimara, kila mtu huipata akifika umri fulani. Ukienda na jino bovu utaambiwa jino litasubiri, kwanza tutibu taifodi. Akanywa dawa, akamaliza, mgongo ukabaki vilevile. Duka la pili walikuta ugonjwa unaoletwa na maziwa mabichi ya ng'ombe. Nikawaambia kijana huyu hajanywa maziwa tangu aachishwe ziwa. Mpimaji akanitazama kwa huruma, akasema, "Labda aliyanywa bila kukuambia."

Jirani yetu, mama mmoja wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, anayeuza vitenge, alikuwa na uchunguzi wake wa bure.

"Huyu mutoto iko na mugongo ya muzee," alisema. "Bamemuloga kule ku mupaka. Mugongo yake iko kwa mutu mwingine."

"Kwa nani, mama?"

"Tafuta muzee mwenye anatembea muzuri sana. Ule ndiye mwizi."

Nilicheka wakati ule. Mambo ya baadaye yalinifanya nimheshimu kidogo.

Hatimaye tulimpata daktari wa viungo, mwanamke mwembamba asiye na haraka, ambaye hufika mara moja moja katika kliniki moja ndogo huko Kasese mjini. Alikuwa daktari wa kwanza kumuuliza mdogo wangu maswali kabla ya kumchoma sindano. Maumivu huzidi ukilala au ukifanya kazi? Nikilala. Huamka kabla ya alfajiri ukaanza kutembeatembea? Ndiyo, mbwa wote wananijua. Kisigino huuma? Huuma. Je, jicho limewahi kuwa jekundu na kuuma, likachukia mwanga?

Mdogo wangu akanigeukia. Jicho lilikuwa limewahi kuwa hivyo, tena mara mbili, lakini tulilihesabu kama kesi nyingine. Jicho lilikuwa na mchawi wake.

Akampiga picha ya kiuno. Akatuonyesha mahali uti wa mgongo unapokutana na nyonga, na jinsi kingo zilivyokuwa na ukungu. Alisema ni ugonjwa wa kuvimba viungo vya uti wa mgongo. Mwili wenyewe, ambao ungepaswa kupigana na wadudu, unashambulia viungo vyake. Ukiachwa, pingili za mgongo hushikana moja kwa nyingine mpaka mtu hawezi tena kuinama wala kuinua kichwa kutazama mbele.

"Huku chini umeanza," alisema. "Huku juu bado. Kazi yetu ni kwamba huku juu pabaki hivi."

Akampa vidonge vya kunywa baada ya chakula, akamfundisha mazoezi ya kunyoosha mgongo kila asubuhi, akamkataza magunia. Akachukua na damu ipelekwe kupimwa kama ina alama fulani ya kinasaba, inayoandikwa kwa herufi na namba, mwisho wake B27. Alisema majibu yatachelewa, nasi tusiyasubiri. Vidonge vianze leo.

Majibu yalipokuja, mimi nilikuwa nimekabwa na mavuno ya kahawa, na baba mdogo akajitolea kwenda kuyachukua. Baba mdogo hupenda safari yoyote ambayo nauli yake inatoka kwa mtu mwingine.

Sasa lazima nieleze jambo la majina yetu, kwa mtu asiyetujua. Kwetu mtoto hachaguliwi jina. Analikuta. Mtoto wa kwanza wa kiume ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na ni hivyohivyo katika kila nyumba kuanzia mlimani mpaka ng'ambo ya mto. Ukisimama sokoni ukaita jina la mtoto wa tatu, nusu ya wabeba mizigo watageuka, pamoja na padri. Jina la ubatizo linasaidia kidogo tu, kwa sababu makatekista wetu walikuwa na watakatifu wachache waliowapenda.

Baba mdogo alirudi jioni na bahasha, akaitisha ukoo. Mtoto wa jirani aliyefika sekondari akasoma: alama haikuonekana.

"Haikuonekana!" baba mdogo akarudia, akiwa amesimama. "Mmesikia? Damu yetu ni safi. Kijana huyu hana kitu. Nilisema nini mimi?"

"Ulisema ni mvivu," shangazi akajibu.

"Na damu imesema nini?"

Nilijaribu kusema kwamba picha ya kiuno haikuwa imebadilika kwa sababu ya bahasha. Lakini mtu wa darasa la sita akibishana na karatasi yenye muhuri, ukoo mzima huona aibu kwa niaba yake. Kilichoniuma zaidi ni mdogo wangu mwenyewe. Alikuwa ameanza kupata nafuu. Siku ya pili akaweka vidonge juu ya kabati, akachukua kitambaa chake cha begani.

"Unakwenda wapi?"

"Mpakani."

"Daktari alikataza."

"Yaya, damu imesema. Nimechoka kuwa mgonjwa wa kitu ambacho hakipo."

Kahawa haikuwa imekauka uani alipoanza kushindwa kugeuza shingo. Ukimwita kwa nyuma, aligeuka mwili mzima, miguu kwanza, kama lori linalotafuta nafasi kwenye soko la Ijumaa. Wenzake wakaanza kumwita afande, kwa vile alivyosimama. Kisha jicho likawaka tena. Nami nilimwona anavyoinamisha kidevu, kila siku kidogo zaidi, nikaikumbuka ile picha na lile neno "bado".

Nilikwenda kwa baba mdogo nikiwa nimejiandaa kugombana. Sikupata nafasi, kwa sababu alikuwa anawasimulia wageni wake safari yake ya Kasese.

"Yule dada wa dirishani akaita jina letu," alisema, maana yeye pia ni mtoto wa tatu. "Nikainuka. Na mzee mmoja wa Nyakiyumbu naye akainuka. Dada ana bahasha mbili mkononi. Ananyoosha ya juu. Sasa mimi nimpite mzee? Mimi sikuzaliwa porini! Nikamwambia, mzee wangu, pokea kwanza wewe. Akapokea ya kwanza, nikapokea ya pili. Dada mwenyewe akasema, watu wa Bwera mna heshima."

Wageni wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Kwetu mkubwa hupokea kwanza, iwe ni bundu, yaani ugali wetu wa muhogo, pombe au kiti. Haikuwa imemjia mtu yeyote akilini kwamba damu hupangwa kwa utaratibu mwingine.

"Baba mdogo," nikasema, "bahasha ya juu ilikuwa ya nani?"

"Ya mkubwa."

"Iliandikwa hivyo?"

Alinitazama kana kwamba nimemuuliza kama jua lina kitambulisho.

Kesho yake nilipanda boda mpaka Nyakiyumbu. Sikupata shida kuuliza njia. Nilisema namtafuta mzee mwenye ugonjwa mpya, na watoto wakanipeleka wakiimba. Nilimkuta kwenye kiti chenye mito miwili, mguu umewekwa juu ya kigoda, mbele yake bakuli la supu ya kuku. Watoto wake walioko Kampala walikuwa wameagiza baba apimwe kila kitu kinachopimika, na kati ya vyote ni hiki kimoja kilichojibu. Tangu hapo hakuruhusiwa kushika jembe. Wajukuu walimpepea.

"Nina B ishirini na saba," aliniambia, kwa sauti ya mtu anayetaja cheo chake jeshini. "Na wewe unayo?"

"Sijui, mzee. Sijapimwa."

"Pole sana."

Nikamweleza polepole. Majina, dirisha, heshima ya baba mdogo, kijana wangu asiyegeuka shingo. Nikatoa bahasha yetu. Umri ulikuwa umeandikwa pale siku zote, na ulikuwa wa mtu aliyeweza kumzaa baba mdogo. Mzee akaacha supu. Alikuwa mtu mwema, hilo lilionekana, lakini wema wake ulikuwa unapigana na mito.

"Nikikurudishia," akasema, "mimi nitabaki na nini?"

"Utabaki na mgongo wako, mzee. Unauma?"

"Unauma! Nimelima tangu utoto."

"Basi huo ni wako. Hakuna anayeuchukua."

"Lakini hautakuwa na jina."

Mkewe, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na mwiko wakati wote, akafika, akachomoa bahasha chini ya mto na kunipa kwa mikono miwili.

"Chukua, mwanangu, umpelekee mgonjwa," alisema. "Huyu atalima kesho."

"Kesho ni Jumapili!" mzee akalia.

"Jumatatu."

Nilifika nyumbani nikidhani vita vimekwisha. Nikampa mdogo wangu karatasi yake ya kweli. Alama ilionekana. Akaikunja.

"Basi imekwisha," akasema. "Iko ndani ya damu. Mtu atatoroka damu yake aende wapi?"

Karatasi isiyo na alama ilimwondolea dawa kwa furaha, na yenye alama ilitaka kumwondolea kwa huzuni. Safari hii sikubishana. Mwezi uleule daktari alipofika Kasese, nilimpakia mdogo wangu kwenye gari, na baba mdogo akajipakia mwenyewe.

Daktari alisikiliza hadithi ya bahasha mpaka mwisho bila kucheka, ingawa alilazimika kuangalia dirishani. Kisha akamuuliza mdogo wangu, "Nani alikuambia uache vidonge?"

"Karatasi."

"Karatasi ilikuona ukiamka asubuhi?"

Daktari akaiweka karatasi mezani.

"Sikiliza. Alama hii ni kama ukoo. Mtu anaweza kuzaliwa katika ukoo wa wezi na asiibe hata kijiko mpaka anakufa. Na mwizi anaweza kutoka ukoo usio na wezi. Mimi nilikushika kwa sababu ya mgongo wako, jicho lako na picha yako. Hii imeongeza shahidi mmoja tu. Ingesema hapana, bado ningekutibu."

"Ukoo gani huo wa wezi?" baba mdogo akauliza.

"Ni mfano, mzee."

"Sawa. Lakini hii alama imetoka upande gani? Maana upande wetu hatuna. Marehemu mama yao, wale watu wa kwao hutembea vibaya."

Daktari akasema haiwezekani kujua sasa, na haisaidii kitu. Mimi niliwawaza wazazi wangu. Kwa miaka yote tuliambiwa hawakutuachia chochote, na siku kilipopatikana kitu ndugu wa pande zote mbili walikuwa wanakikataa.

"Haiwezi kung'olewa?" baba mdogo akajaribu mara ya mwisho.

"Haiwezi. Lakini uvimbe unaweza kutulizwa, na mgongo unaweza kuzuiwa usishikane, kama atakunywa dawa na kufanya mazoezi kila siku. Kila siku, si siku ukoo ukikubali." Akanigeukia mimi. "Nyinyi wengine msikimbilie kupima. Anayeamka amekakamaa miezi mitatu mfululizo, aje."

Vidonge vilirudi chini kutoka kabatini. Jicho nalo tulilipeleka kwa daktari wa macho siku ileile, likapewa matone. Mpakani alipata kazi ya kuhesabu magunia, na wenzake wakaona kwamba uvivu umempandisha cheo. Mazoezi ndiyo yaliyokuwa magumu. Uwanja wetu uko wazi kwa njia ya sokoni, na mtu mzima anayelala mkekani asubuhi na kuinua kiuno mbele ya wapita njia huhitaji moyo. Mama wa vitenge alisimama na mzigo wake kichwani akauliza, "Anatafuta nini chini?" Siku ya tatu mdogo wangu alikataa kutoka ndani.

Nikatandika mkeka wa pili kando ya wake, nikalala chali. Sina ugonjwa ninaoujua. Nina umri, na kitambi kidogo. Tukaanza kunyoosha mgongo pamoja, watu wakipita, na maoni yakawa mengi: kwamba ni dini mpya, kwamba mtoto wa kwanza naye amerogwa. Baba mdogo alikuja akawaeleza wote kwamba hii ni B27, na kwamba yeye ndiye aliyeigundua.

Tuliendelea hivyo mpaka mvua zikaisha. Asubuhi moja tulikuwa kwenye zoezi la shingo, kulia, kushoto, mabega yasitoke chini. Mimi nilikuwa nimefumba macho nikipumzika.

"Yaya," akasema. "Unadanganya. Hujageuza."

Nikafumbua. Alikuwa ananitazama usoni, shavu lake karibu liguse mkeka, na mabega yote mawili yalikuwa chini.