Orodha ya Balozi Niliiandika Mimi

Admin, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu zangu. Naomba hili uliweke bila jina, maana nikijulikana hapa Miyuji sina pa kupita. Majina ya humu ndani nimeyabadilisha.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na moja, sijaolewa, nafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Asili yetu ni Kondoa lakini nimekulia Dodoma mjini. Naishi na baba yangu, ambaye ni balozi wa shina, yaani kiongozi wa chama tawala kwa nyumba chache za mtaa, tangu nikiwa mdogo. Ugonjwa wa mtoto wa jicho umemharibu macho, maandishi hayaoni tena, kwa hiyo daftari lake la nyumba za shina naandika mimi.

Niseme wazi kwamba mimi si mtu wa chama chake. Naamini mtu aseme anachotaka, achague anayemtaka, na aliyeshindwa akubali. Ndiyo maana kampeni hizi za urais zimenichosha roho. Niliyetaka kumpigia kura hayumo kwenye karatasi. Waliomo, mmoja ana bango kila nguzo kuanzia kata ya Kikuyu mpaka huku kwetu, waliobaki wanazunguka na spika moja utadhani wanauza dawa ya panya. Tunaletewa malori, tunavishwa fulana, tunaimbishwa uwanjani, halafu tunaambiwa hiyo ndiyo sauti ya wananchi. Nikirudi nyumbani hasira zote nilikuwa nammalizia baba, kwa sababu ndiye serikali pekee niliyoweza kuifikia. Yeye alikuwa anacheka tu, ananiambia ninywe chai.

Kampeni zilipoanza, baba aliagizwa na wakubwa wa chama apeleke orodha ya kila mwenye kadi ya kupigia kura kwenye nyumba zake, na mbele ya kila jina iandikwe "wetu" au "si wetu". Tulikaa uani kwenye mkeka, akawa anataja jina moja moja, na kila aliyemtaja alisema andika wetu. Akafika kwa Idi, fundi pikipiki, jirani yetu wa ukuta mmoja, ambaye mtaa mzima unajua anavyowapinga hadharani. Hata kwake baba akasema andika wetu. Nikamwambia huo ni uongo, na ndivyo wanavyopata hizo kura zao nyingi.

Akanijibu taratibu, "Mwanangu, daftari la balozi haliandikiwi ukweli. Linaandikwa ili watu walale."

Nilimdharau, siwafichi. Nikajiambia msema kweli mpenzi wa Mungu, angalau karatasi moja katika nchi hii iwe na ukweli, wajue kwamba huku chini wapo wasiowataka. Idi mwenyewe nilikuwa nimemuuliza siku moja kwa utani, akacheka, akasema nikimwandika nimwandike kwa wino mwekundu. Basi mbele ya jina lake nikaandika "si wetu". Baba akaweka dole gumba bila kujua, karatasi nikaipeleka mimi mwenyewe. Na jambo linalonitafuna zaidi ni kwamba jina langu niliandika "wetu", eti nisimwaibishe baba.

Hazikupita wiki mbili. Asubuhi, wanaume wasio na sare walifika kwenye kibanda cha Idi, wakamwita kwa majina yake matatu, wakamwingiza kwenye gari mke wake akiwa anatazama. Alikaa siku tisa kusikojulikana. Aliporudi, vidole vya mkono wa kulia havikunjiki, spana haishiki. Anakaa mlangoni kutwa nzima, hata salamu anaitikia kwa kichwa.

Kukawa na mtu aliyedai ameiona orodha, akasema aliyewekewa alama ni Idi peke yake. Mtaa ukajua ni kazi ya balozi. Sasa msikitini, swala ikiisha watu wanapeana mikono, wakimfikia baba wanageukia upande mwingine. Yeye haoni vizuri, kwa hiyo mkono wake unabaki umenyooka hewani mpaka mwenyewe aushushe. Nimesimuliwa na mtoto wa shangazi anayempeleka, na nililia kama mfiwa.

Siku hiyo baba aliniuliza Idi nilimwandikaje. Nikamwambia kweli. Akavuta tasbihi yake mpaka mwisho, nikasubiri anilaani.

"Basi niliyeandika ni mimi," akasema. "Wewe una miaka mingi ya kuishi na watu hawa, mimi nimebakiza michache. Usimwambie mtu."

Yule niliyekuwa namwita kibaraka alikuwa anawalinda majirani zake kwa uongo, mwaka hadi mwaka, wakiwemo wanaomtukana. Mimi mpenda haki nilimuuza mmoja wao kwa neno moja la kweli. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini hapa guu lililovunjika si langu. Kura ni wiki ijayo na sijui hata kama nitakwenda. Sina tena uso wa kudai kitu kwa mtu.

Sasa mke wa Idi ananipenda kupita kiasi. Ananiletea mboga ya mlenda, ananiambia, "Wewe si kama baba yako." Jana alikuja na ombi. Wanawake wa mtaa wanataka barua ya kumkataa balozi, isomwe mbele ya watu Ijumaa baada ya swala, ieleze kwamba ndiye aliyemchoma Idi kwa wakubwa. Anataka niiandike mimi, kwa sababu nina mwandiko mzuri na napenda haki. Nilishindwa kukataa. Kesho mchana anakuja na karatasi, na baba atakuwa amekaa pale pale uani, anatusikia.

Nishaurini ndugu zangu, kwenye hiyo barua niandike jina la nani?