DNS ya Familia Nyumbani kwa Wakwe

Leo nimejua siri ya baba mkwe bila hata kuitafuta.

Nilitoka Kitale asubuhi kwenda kwao Misikhu, maana alilia kwamba WiFi yake inatambaa.

Nikatoa DNS ya kampuni ya intaneti, yaani ile inayoelekeza simu njia ya kila tovuti, nikaweka nyingine ya bure.

Zilikuwa aina mbili. Nikachagua iliyoandikwa "ya familia". Si ni boma la mzee wa kanisa?

Kila kitu kikafunguka mbio. Nikasifiwa. Kuku akaanza kukimbizwa.

Kidogo mzee akaniita nyuma ya jikoni.

"Mkwe, kuna tovuti moja imekataa."

"Gani, baba?"

"Ya hali ya hewa."

Nikaifungua kwa simu yangu. Mvua saa kumi.

"Si hiyo," akasema, akanipa simu yake huku akiangalia mlima.

Kamari ya mpira, bana! Kumbe hiyo DNS ya familia niliyochagua hufungia hata kamari.

"Rudisha ile ya zamani. Mechi ni saa tisa."

Kabla sijajibu, mama mkwe akatokea mlangoni na kuku mkononi. Kwa mila yetu haongei na mkwe moja kwa moja, kwa hivyo akaongea na kuku:

"Wewe kuku, mwambie huyo mgeni akigusa tena hiyo WiFi, wewe utaishi."

Sikugusa.

Na firigisi, ambayo tangu nioe nimeona ikienda kwa mzee, leo imewekwa kwa sahani yangu.

Nimekula. Watu wangu, nitarudi kwa hilo boma kweli?