Siku Nilifungua Pagne mbele ya Bantu ba Constitution

Mucheke tu, mi nimekwisha kuzoea, sababu hapa mutaa wetu wa Kapata hata nikienda kununua chumvi bantu banazibaka midomo na mukono: "Ile njo mama wa kaptula." Aibu ni yangu, basi ni heri niieleze mi mwenyewe.

Ile wakati Kolwezi yote ilikuwa inabishana juu ya constitution, ile sheria kubwa ya inchi, bamoja banasema tuibadilishe, bengine banasema tuiache vile iko, hata mushofere wa taxi-moto, ile pikipiki ya kubeba bantu, anageuza kichwa kukusemesha (na barabara yenyewe ya mashimo!). Basi bakatangaza mukutano mu salle ya paroisse, ile nyumba ya mikutano ya kanisa, kule Dilala, kila kartie, ni kusema kila mutaa, itume musemaji. Bamama ba kartie yetu bakanichagua mi, juu ya vile nauzisha unga sokoni na sauti yangu inafika mbali. Jirani yangu Mama Kalenga, ule ukuta wa nyumba yake umepasuka toka juu mupaka chini sababu ya machimbo, akanishika mukono: "Mama Bea, bo babadilishe ao baache, weye useme neno moja tu: sheria iseme mutu aulizwe kwanza, mbele bachimbe chini ya nyumba yake. Usirudi bila kulisema." Nikamuapia.

Sasa, siku yenyewe mvua ilinyesha, pagne yangu yote ya dimanche, bitenge bya kujifunga kwenda misa, iko majimaji ku kamba. Kavu ilikuwa moja tu, ile bantu ba politike baligawa bure sokoni, imeandikwa TUBADILISHE mbele na nyuma. Nikasema, pagne ni pagne! Tena siye bamama tunavaaka mbili, ya juu na ya chini, lakini ya chini nayo haikukauka, nikavaa kaptula ya mupira ya bwana yangu (nani ataiona?).

Kufika ku mulango, bijana ba protokole, bale ba kuikalisha bageni, bakasoma pagne, bakaniikalisha mbele kabisa na bantu ba kubadilisha. Mi nikafikiri ni heshima ya miaka yangu, na kiti kilikuwa kizuri, nikaegemea. Bakasema yao, nikapiga makofi kwa adabu. Zamu yangu ilipofika nikashika mikro ya kusemea, na mwalimu mwenye kuongoza mukutano akainua mukono.

— Samahani mama, kambi yenu imekwisha kusema. Ikala.

— Tata mwalimu, mi sina kambi! Nimetumwa na bamama ba Kapata!

Bale ba upande mwingine bakapiga kelele: "Uongo! Balikulipa, tunaisoma hapo ku matako yako!"

Ee Mungu wangu, hasira ilinipanda. Nikawaza, acha niigeuze hii pagne, maandishi yaende ndani, nikuwe mutu wa bamama tena. Nikafungua fundo mbele ya salle nzima.

Kwetu, mama akifungua pagne na hasira mbele ya bantu, anabalaani. Mi sikukumbuka! Batata, banaume bazima, bakafunika macho, mwalimu akapiga magoti: "Mama, hapana, utusamehe, tuko batoto bako!" Bengine bakakimbilia mulango, biti bikaanguka, na mi katikati, pagne mukononi, na kaptula ya bluu yenye namba tisa. Halafu mutu mumoja akaiona vizuri, akacheka, basi bote bakacheka mupaka bakazima mikro na kufunga mukutano.

Mama Kalenga alikuwa ananingojea ku mulango wake.

— Ulilisema?

— Hapana, mama. Balinikatalia.

Akatazama pagne yangu, akaisoma polepole. Ye peke yake hakucheka. Akaingia ndani, akafunga mulango, na ule mulango haufungi vizuri tena sababu ya ukuta. Hiyo njo iliniumiza kupita kicheko ya salle nzima.

Ile pagne niliipasua, sasa ninapangusia sufuria. Kolwezi yote inajua namba ya kaptula ya bwana yangu, lakini neno bamama balinituma, hakuna mwenye alilisikia. Bantu bakiniita tena, naapa nitaenda na pagne yangu mwenyewe, hata kama inachuruzika maji mu salle. Kama batanituma tena.