Isihaka na Bomba la Kupumulia

Mwaka 1956 pale Mbeya, gari likivuta moshi ndani, watu walisema limezeeka. Isihaka fundi alisema linapumua vibaya.

Gari lenyewe, la tangu kabla ya vita, lilikuwa la Bwana Bipin, mwuza vitambaa. Moshi wa oili ulitoka tumboni mwa injini kwa bomba lililoning'inia chini, kisha ukapenya ndani kwenye nyufa za sakafu. Mke wa Bwana Bipin, Vasanti, alikuwa mjamzito wa miezi saba, na kwa desturi yao mtoto wa kwanza huzaliwa kwa mama wa binti, naye mama huyo alikaa Iringa. Safari ya kwanza alitapika mpaka akazimia pale Igurusi. Wakarudi.

Isihaka alilikata bomba, akaliunganisha kwa mpira na mdomo wa kabureta, unaovuta hewa na petroli, ili injini iuvute moshi wake na kuuchoma. Kilichomnyima usingizi ni moto: kabureta ikipiga chafya, mwali ungeweza kurudi bombani na kuulipua mvuke wa oili. Njiani mwa mwali akaweka wavu wa shaba wa kuuzima, alioung'oa kwenye chujio la mkewe, Mwanakhamisi.

"Baba Chiku, chai nitachujia nini?"

"Tutakunywa na majani yake."

"Na gari la watu likilipuka, utasema chujio langu bovu?"

Isihaka akaukunja wavu utoshee bomba. Swali hilo alikuwa nalo tangu juzi.

Siku ya safari alikaa mbele, kando ya Bwana Bipin, miguu ameikaza sakafuni. Igurusi wakaipita. Kiti cha nyuma kilikuwa kimya, na kimya hicho kilimtisha kuliko kutapika. Aliona aibu kugeuka kumtazama mke wa mtu.

Walipoivuka Chimala, Vasanti akasema polepole, "Fundi, unasikia?"

Isihaka akatega sikio. Hakusikia mgongano wala chafya.

"Simamisha, Bwana."

Alifungua boneti, akagusa mpira, akachomoa wavu. Mzima. Akarudi dirishani.

"Mama, umesikia mlio gani?"

"Mlio?" Vasanti akamshangaa. "Nasikia harufu ya mvua. Humu ndani nilikuwa nasikia oili tu."

Bwana Bipin akacheka mpaka akaegemea usukani. Isihaka akainua uso. Kweli, upande wa Usangu wingu lilikuwa limeshuka, na udongo ulianza kunukia. Akaurudisha wavu mahali pake, akakaza kila kitu mara mbili, kisha akapanda.

"Twende," alisema. "Bado Makambako, kuna mlima."

Ila miguu hakuikaza tena.